Video za gofu kwenye simu: kwa nini mmoja unamtazama hadi mwisho na mwingine unampita

Huenda imeshakutokea. Unafungua YouTube kutafuta mabao ya jana au dawa ya ukungu wa viazi, na katikati ya orodha inajitokeza picha ya Mzungu mwenye kofia, kashika fimbo, kasimama juu ya majani yaliyonyolewa kama zulia. Unabonyeza kwa udadisi tu. Dakika 20 baadaye bado uko naye, na maisha yako yote hujawahi kushika fimbo ya gofu.

Wasikilizaji wetu wametuuliza jambo hili kwa namna tofauti. Kwa nini simu inaniletea gofu? Na kwa nini huyu nikimfungua siwezi kumwacha, wakati yule anayecheza vizuri kuliko yeye ananichosha ndani ya dakika mbili? Ni maswali ya maana, kwa sababu yanahusu kifurushi chako na muda wako. Kwa kijana anayekaa jirani na uwanja wa gofu yanahusu pia nafasi ya kujifunza mchezo ambao ndani yake kuna ajira.

Viwanja hivyo havipo Ulaya peke yake. Katika Nyanda zetu za Juu Kusini, Mufindi kuna uwanja wa gofu katikati ya mashamba ya chai, na watoto wa wachuma chai wamekua wakiuona. Kwingine nchini kuna Gymkhana ya Dar es Salaam, uwanja wa jeshi wa Lugalo, Arusha, Moshi na Morogoro. Gofu bado ni mchezo wa wachache, hilo halina ubishi. Lakini kila palipo na uwanja kuna kedi, yule anayebeba mfuko wa fimbo na kumshauri mchezaji, na kedi mara nyingi ni kijana wa kijiji cha jirani. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Tanzania, Kenya na Uganda walianza hapohapo, wakibeba mifuko ya watu wengine.

Gofu kwa dakika moja

Kwa asiyeujua mchezo, sheria yake kubwa ni nyepesi. Unatakiwa kuuingiza mpira mdogo kwenye mashimo 18 yaliyosambaa katika uwanja mkubwa, kwa mikwaju michache iwezekanavyo. Kila shimo lina idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji mzuri. Ukijumlisha mashimo yote unapata kwa kawaida 72, na idadi hiyo huitwa pa. Aliyemaliza kwa mikwaju 68 yuko chini ya pa kwa 4, na anastahili pongezi. Aliyemaliza kwa 100 amehangaika, lakini watu wengi wanaocheza gofu duniani wako upande huo wa kuhangaika.

Raundi moja huchukua saa nne au zaidi. Kwenye televisheni kamera inaruka kutoka mchezaji huyu kwenda yule, mtangazaji ananong'ona, na asiyejua majina anabaki gizani. Video za YouTube zimegeuza mambo. Mtu ni mmoja, au watatu, au wanne. Wamevaa vipaza sauti vidogo kifuani, kwa hiyo unamsikia mchezaji akijilaumu, akitania, akihema kabla ya kupiga. Kutembea kutoka mkwaju hadi mkwaju kumekatwa. Saa nne zimekuwa dakika 40.

Sisi wa redio jambo la kipaza sauti tunalielewa vizuri. Mtu akikusemesha kwa sauti ya karibu, kila wiki, muda uleule, unaanza kumhesabu kama jamaa yako. Ukimpata mtangazaji wa namna hiyo hata taarifa ya bei za mahindi unaisikiliza mpaka mwisho. Watengeneza video za gofu wamevuna kutoka shamba hilohilo, ila kila mmoja amelilima kwa jembe lake.

Mwalimu

Anza na Rick Shiels wa Uingereza. Huyu ni mwalimu wa gofu aliyesomea kazi hiyo na kufuzu, na alikuwa akifundisha kwenye kituo cha mazoezi cha Trafford, karibu na Manchester. Alianza kuweka masomo yake mtandaoni mwanzoni mwa miaka ya 2010, wakati walimu wengi wa gofu waliona kuwa kutoa elimu bure ni kujiharibia biashara. Leo chaneli yake ina wafuasi zaidi ya milioni 2. Mwenzake wa siku hizo za Trafford, Peter Finch, naye ana chaneli yake.

Shiels ni mcheshi, lakini nguvu yake kubwa iko kwenye kujaribu vifaa. Anachukua fimbo mpya ya bei mbaya, anaipiga mbele yako sambamba na ya zamani, kisha anakuambia kama tofauti ipo au haipo. Anauliza swali ambalo mnunuzi angeuliza. Mtu wa Tukuyu ambaye hatanunua fimbo hiyo hata siku moja bado anavutika, maana anaijua hali ya kusimama dukani mbele ya pampu mbili za kunyunyizia dawa, moja ghali na moja rahisi, na muuzaji anasifia ile ghali.

Ndiyo maana imani ya watazamaji ni mtaji wa mtu kama yeye, na mtaji huo unaweza kutikisika. Mwaka 2025 ilipotangazwa kuwa Shiels ameingia ushirikiano na LIV Golf, ligi iliyoanza kuchezwa mwaka 2022 kwa fedha za mfuko wa uwekezaji wa Saudi Arabia, baadhi ya wafuasi wake walilalamika waziwazi. Kucheza kwake kulikuwa kulekule. Swali lililowasumbua lilikuwa jingine: kesho akisifia kitu, nitajuaje kama anasema kwa moyo wake au kwa anayemlipa? Kila mkulima aliyewahi kushauriwa mbegu na mtu anayeziuza amelikuta swali hilo.

Mwalimu wa aina nyingine ni Danny Maude, naye Mwingereza, wa Canterbury. Kwake hakuna vituko. Anasimama na fimbo, anaeleza kosa moja, anatoa zoezi moja la kulirekebisha, na anazungumza na mtu wa kawaida ambaye mgongo wake umechoka na muda wake ni mdogo. Asiye na haja ya kujifunza gofu atamwona mkavu. Kwa anayetaka kujifunza kweli, mimi ningemweka mbele ya wote nitakaowataja hapa, na Kiingereza chake cha taratibu kinamsaidia asiyekijua sana.

Lakini kuna jambo walimu wa video, hata wakiwa wazuri namna gani, hawawezi kulifanya. Hawakuoni. Mmoja atasema zungusha kiuno, mwingine atasema tuliza kiuno, na wote wawili wanaweza kuwa sahihi kwa watu tofauti. Mpira wako ukipinda kulia, sababu inaweza kuwa mikono, miguu, namna ulivyoshika fimbo au mahali ulipouweka mpira. Udongo wa Uyole na udongo wa Mbarali haupewi mbolea kwa kipimo kimoja, na bwana shamba mwenye busara hatoi kipimo kabla hajaliona shamba. Kijana anayejifunza kwa simu akikusanya ushauri wa walimu saba kwa wiki moja, ataishia na mwili usiojua umsikilize nani. Achague mwalimu mmoja akae naye miezi miwili. Simu hiyohiyo imrekodi akipiga, mara moja kutoka mbele na mara moja kutoka nyuma kwa kufuata mstari unaoelekea shimoni, kisha ajilinganishe na anayemfundisha. Hapo simu inakuwa kioo.

Kijiwe

Kundi la pili halifundishi chochote, na lina watazamaji wengi mno. Good Good ni kundi la vijana wa Kimarekani lililoanza mwaka 2020. Wanacheza wao kwa wao, wanawekeana dau, wanatupiana maneno, aliyeshindwa anatoa adhabu. Wamejenga hadi kampuni ya nguo. Bob Does Sports, ya mchekeshaji Robby Berger na rafiki zake wenye majina ya utani, imekwenda mbali zaidi upande wa utani. Humo kula na kuchekana kuna uzito sawa na mchezo wenyewe, na kukosea vibaya ni sehemu ya burudani.

Ukiwatazama mara moja huoni kikubwa. Utamu wao unakuja mara ya tano, ukishajua nani ana hasira za karibu, nani anajifanya hajali, nani akishinda hatakuacha upumzike. Hicho ni kijiwe. Bao la kijiweni linachezwa kila jioni, kete ni zilezile na mti ni uleule, na watu wanakuja hata kama hawachezi, kwa sababu wanataka kusikia leo fulani atamjibu nini fulani. Mgeni anayepita haelewi kicheko kimetoka wapi.

Hatari ya kijiwe ni mtu mmoja kuondoka. Grant Horvat alijulikana na wengi akiwa na Good Good, kisha akaenda kujitegemea, na wafuasi wengi wakamfuata. Yeye anavutia kwa njia tofauti na wenzake: ni mtulivu, anapiga mpira kwa namna inayopendeza macho, na anawaalika wakubwa wa mchezo huo, akiwemo bingwa mkongwe Phil Mickelson. Kwa upigaji wenyewe ni bora kuliko wengi wa vijiweni. Kwa vicheko yuko nyuma yao. Mtazamaji wa Mafinga anayesubiri mvua ikatike hatakosea kuchagua kijiwe. Anayetaka kuona mkwaju safi unavyofanana atakaa na Horvat.

Nyota aliyeshuka jukwaani

Kisa kinachofundisha zaidi ni cha Bryson DeChambeau. Mmarekani huyu alisoma fizikia chuo kikuu na ametwaa ubingwa wa US Open mara mbili, 2020 na 2024. Mkwaju wake wa kwanza unaweza kuvuka mita 275, sawa na viwanja viwili na nusu vya mpira wa miguu vilivyopangwa kwa urefu. Hata hivyo kwa miaka kadhaa hakupendwa. Alionekana mjuaji, mzito wa kucheza, mwepesi wa kulalamika, na mwaka 2022 alipohamia LIV Golf wengi walidhani basi, amejizika mwenyewe.

YouTube ilimfufua. Kwenye video watu waliona mtu mwingine kabisa, mwenye shauku ya kitoto, anayepiga kelele mpira ukiingia na kujicheka ukipotea. Kipindi chake cha Break 50 kimejengwa juu ya swali moja. Anachukua mgeni, wanaanzia sehemu za mbele zilizo karibu zaidi na mashimo, wote wawili wanapiga, wanachagua mpira uliokaa vizuri na kupiga tena kutoka pale. Je, kwa msaada huo wanaweza kumaliza mashimo 18 kwa mikwaju chini ya 50? Julai 2024 mgeni alikuwa Donald Trump, wakati huo akigombea urais. Walimaliza kwa 50 kamili, maana yake lengo la kuwa chini ya 50 liliwaponyoka kwa mkwaju mmoja. Video hiyo imetazamwa zaidi ya mara milioni 10.

Baadaye mwaka huohuo akafanya jambo dogo zaidi, na kwa maoni yangu bora zaidi. Alisimama upande mmoja wa nyumba yake huko Texas akaamua kuuvusha mpira juu ya paa uingie kwenye shimo lililoko upande wa pili, asikoweza hata kukuona. Siku ya kwanza alijipa jaribio moja, siku ya pili mawili, siku ya tatu matatu. Aliingiza siku ya 16, jaribio la 14 la siku hiyo. Jumlisha utapata majaribio 134.

Fikiria video hiyo inahitaji nini kutoka kwako. Huhitaji kujua pa ni nini, wala Kiingereza. Nyumba unaiona, shimo unaliona, mpira unaruka, haukuingia, kesho. Mtoto wa darasa la tatu pale Igawa anaelewa kila kitu. Na ukishaona siku ya 9 utataka kujua ya 10 ilikuwaje.

Siri yenyewe iko hapo. Video inayokushika imekuwekea swali dakika ya kwanza na haikupi jibu mpaka mwisho, na imekupa mtu ambaye jibu hilo linamgusa. DeChambeau yuleyule kwenye televisheni alikuwa kofia moja kati ya kofia 150. Uwezo wake wa kupiga haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba sasa tunajua anataka nini, na tunamwona akikikosa.

Mfumo wa YouTube unalisaidia hilo. Kompyuta zake zinaangalia nini watu wanabonyeza, wanakaa muda gani, na baada ya hapo wanatazama nini. Ukiitazama video ya gofu hadi mwisho, hata kama ulikuwa unashangaa tu, umewaambia kuwa unataka nyingine. Anayeona gofu imemjaa kwenye simu aguse vile vidoti vitatu pembeni ya jina la video na achague kuwa hapendezwi nayo. Akifanya hivyo mara kadhaa, zitapungua.

Pale video ilipokuwa na thamani kuliko kombe

Wakubwa wa gofu wameliona hili, na halijawakalia vizuri. PGA Tour, wasimamizi wa mashindano makubwa ya kulipwa Marekani, Agosti 2024 waliwakusanya watengeneza video 16 kwenye uwanja wa East Lake, Atlanta, wakawachezesha shindano lililoitwa Creator Classic. Alishinda Luke Kwon. Mwaka 2025 Grant Horvat alipewa nafasi ya kucheza shindano halisi la PGA Tour, Barracuda Championship, nafasi ambayo vijana maelfu wangelia kuipata. Akaikataa, kwa sababu kanuni zisingemruhusu kurekodi video ya mchezo wake mwenyewe. Kwake video ilikuwa na thamani kuliko shindano.

Mwaka huohuo Wesley Bryan alijikuta upande wa pili wa ugomvi. Yeye na kaka yake George walijulikana kwa video za kupiga mipira kwa mbwembwe, mmoja anarusha mpira hewani na mwingine anaupiga kabla haujatua. Wesley si mbabaishaji, alishinda shindano la PGA Tour mwaka 2017. Lakini aliposhiriki mchezo wa watengeneza video ulioandaliwa na LIV, PGA Tour ilimsimamisha. Ugomvi ulikuwa juu ya nani anamiliki macho ya watazamaji, na macho hayo yanahesabiwa yakiwa Texas na yakiwa Kilolo.

Waliozoea kuambiwa mchezo huu si wao

Mmarekani mweusi Roger Steele, wa Chicago, alikuwa mmoja wa wale 16 wa East Lake. Anacheza vizuri, anavaa kwa mtindo wake, na anazungumza lugha ya mtaa wake bila kujibana ili afanane na klabu. Kwa mtazamaji aliyezoea kuona gofu kama mchezo wa matajiri weupe, dakika tano naye zinaondoa kitu kifuani. Mwingereza Mia Baker anavutia kwa njia nyingine: watazamaji walimwona akiwa bado anajifunza, akikosea, akiboreka mwaka hadi mwaka. Anayeanza kujifunza leo anapata moyo zaidi kwake kuliko kwa bingwa ambaye hakumbuki tena ilikuwaje kukosa mpira kabisa.

Kwa Kiswahili nafasi hii iko wazi mno. Tanzania ina wachezaji wanawake wanaoheshimika katika ukanda huu, kama Madina Iddi wa Arusha, na ina mfululizo wa mashindano ya Lina PG Tour yaliyoanzishwa kumuenzi marehemu Lina Nkya. Kenya wana Kenya Open tangu 1967, na tangu 2019 imo kwenye ratiba ya ligi kuu ya Ulaya. Wachezaji tunao na viwanja vipo. Bado hatujampata anayetoka kwenye ukungu wa Mufindi saa moja asubuhi, amevaa kipaza sauti cha bei ndogo, anaeleza kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kihehe kwa nini leo mpira hauendi mbali kwa sababu majani yamelowa, na bosi aliyembebea mfuko amekataa kumsikiliza.

Huyo angependwa. Ana mwalimu ndani yake, maana kedi anaujua uwanja kuliko anayeulipia. Ana kijiwe, maana makedi wenzake wako pale wakisubiri zamu na wanajua kutaniana. Na ana swali ambalo watazamaji wangetaka jibu lake: kijana wa mashamba ya chai atafika wapi na mchezo huu? DeChambeau hana swali la namna hiyo.

Kifurushi chako

Kabla ya kupenda sana, hesabu. Video ya saa moja kwa ubora wa 480 inaweza kula karibu MB 500. Ukiiacha ijichagulie ubora wa juu, 1080, inaweza kupita GB moja na nusu. Gusa kialama cha gurudumu kwenye video, tafuta ubora, chagua 240 au 360. Mpira mweupe wa gofu utapotea machoni kwenye ubora wa chini, hilo lazima ulikubali. Kwa kijiwe haidhuru, kwa kuwa unasikiliza zaidi ya kutazama. Kwa Maude inadhuru, kwa sababu unataka kuona vidole vimeshikaje fimbo. Kwa hiyo panda ubora kwa somo la dakika 10, shusha kwa vicheko vya dakika 50. Wengi tunafanya kinyume. Video nyingi pia zina maandishi ya Kiingereza yanayoweza kuwashwa chini, na kwenye baadhi unaweza kuchagua tafsiri ya Kiswahili. Ni tafsiri ya mashine, na majina ya fimbo huwa inayaharibu vibaya, lakini maana ya jumla unaipata.

Kwa kijana anayefikiria kuwa mtengenezaji mwenyewe, masharti ya kuanza kulipwa mgawo wa matangazo ya YouTube ni wafuasi 1,000, pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au video fupi zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Video fupi ya mkwaju wa ajabu huleta watu haraka, lakini wanakuja kuona mpira na jina lako hawalishiki. Wale vijana wa Good Good hawakuinuliwa na mkwaju mmoja. Saa 4,000 ni ndefu, na zinakusanywa na watu wanaorudi.

Ruhusa nayo ni muhimu. Uwanja wa gofu ni mali ya klabu au kampuni, na mchezaji uliyembebea mfuko hajakubali kuwa kwenye video yako mpaka akuambie amekubali. Omba kwa msimamizi wa klabu kwa maandishi, na usirekodi ukiwa kwenye zamu ya kazi. Upande wa serikali, Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020, zilizochukua nafasi ya zile za mwaka 2018 na kurekebishwa mwaka 2022, na baadhi ya aina za maudhui zinahitaji leseni ya TCRA. TCRA ina ofisi ya kanda ya Nyanda za Juu Kusini jijini Mbeya. Nenda na mfano wa video yako kwenye simu, waoneshe, uulize kama inaangukia kwenye kundi la leseni kabla hujaanza kulipwa.